Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

(Maneno haya yalisemwa mbele ya walimu wa sayansi, wazazi na wanafunzi wa sekondari mjini Malindi. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa, isipokuwa mizaha miwili mitatu ambayo ingehitaji mtu awe alikuwapo.)

Bwana Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mliowahi viti vya mbele kwa sababu ya feni, akina mama, na nyinyi vijana mliojazana nyuma kwa sababu nyuma ni karibu na mlango: salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kwanza kisanduku hiki kilicho mezani. Ndani kuna spiriti, na chini yake kuna barafu kavu iliyotoka Mombasa alfajiri, imefungwa kwa magazeti na blanketi. Barafu hii haiyeyuki ikawa maji. Inapotea hewani tu, kama mshahara. Kwa hiyo leo muda wangu unapimwa na barafu, si na saa ya Mwenyekiti. Ikibaki kidogo, tutakirudia kisanduku.

Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti wa fizikia ya chembe, hizi chembe ndogo kuliko atomu, na faida zake kwa eneo letu. Mwalimu aliyenialika alidhani nitaanzia Geneva, kwenye ile maabara kubwa ya chembe ya Wazungu. Nitaanzia Ngomeni, hapa pwani kwetu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, lile linalosimama baharini kwa miguu yake ya chuma katika Ghuba ya Ungwana. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, na baba wa mpango wao alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Roma. Mzigo juu ya roketi ulikuwa wa NASA, shirika la anga la Marekani: setilaiti ya kilo zipatazo 140, nzito kidogo kuliko bodaboda. Kwenye makaratasi iliitwa SAS-1. Aliyeongoza mradi alikuwa mhandisi wa kike, Marjorie Townsend, na yeye ndiye aliyependekeza kwamba, kwa kuwa siku yenyewe ni hii, setilaiti iitwe Uhuru. Wasichana mlio nyuma, jina la mama huyo liandikeni.

Kwa nini walikuja mpaka huku? Ikweta. Hapa kwetu ardhi inazunguka kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na roketi ikielekezwa mashariki hupewa msukumo huo bure, kama jahazi lililosubiri upepo wake badala ya kushindana nao. Mashariki yetu ni bahari tupu, vipande vya roketi haviangukii paa la mtu. Na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu za anga zenye mionzi mingi ambayo ingezitia wazimu ala zake.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kujengwa kwa kazi moja tu, kutazama eksirei zitokazo angani. Eksirei hizo hazifiki chini, hewa huzimeza. Kabla ya hapo watafiti walirusha roketi ndogo, wakachungulia kwa dakika chache, roketi ikaanguka. Uhuru ilikaa juu ikitazama zaidi ya miaka miwili, hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Kimoja, Centaurus X-3, kilikuwa kikipigapiga kama mshipa kila baada ya sekunde 4.8 hivi: ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichoshindiliwa cha nyota iliyokufa, inayonyonya gesi ya nyota mwenzake. Kingine, Cygnus X-1, kilimetameta haraka na ovyo kiasi kwamba watu walianza kusema kwa sauti jambo ambalo hadi hapo lilikuwa la kwenye karatasi: hili huenda ni shimo jeusi, mahali ambapo hata mwanga ukiingia hautoki. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kisayansi wa kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mpaka leo mwanafalaki wa Tokyo au Chile akiandika jina la chanzo kama 4U 1700-37, hiyo U ni ya Uhuru. Anaandika Kiswahili bila kujua.

Baada ya hapo zikafuata nyingine. SAS-2 ya mwaka 1972 ilitazama miali ya gama, yenye nguvu kuliko eksirei, Ariel 5 ya Waingereza ikaja mwaka 1974, SAS-3 mwaka 1975. Roketi ya mwisho iliondoka mwaka 1988. Zote jumla ni tisa, na karibu nusu yake zilikwenda kutafuta mambo yenye nishati kubwa kuliko chochote kilichopo duniani. Kwa miaka michache, dirisha bora kuliko yote la kutazama upande huo wa ulimwengu lilifunguliwa kutoka kijiji cha wavuvi na chumvi.

Sasa, wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni alikuja. Je, mwenyeji alipona?

Niseme kwa haki. Palikuwa na ajira, na kituo cha ardhini cha kupokea mawasiliano ya setilaiti kipo mpaka leo. Wapo watu wa huku waliojifunza ufundi pale. Lakini ile orodha ya nne na ya mwisho ya Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1978, ina majina manane ya waandishi, na hakuna hata moja la mtu wa Afrika Mashariki. Jina la setilaiti ni letu, majina ya waliosoma ilichokiona si yetu. Sisemi haya kwa kinyongo. Mgeni hakuiba kitu, nyota haziibiki. Ila aliondoka na kitu ambacho hatukuwa tumejiandaa kukipokea.

Na tazameni mwaka wenyewe. Mwaka huohuo wa 1970 tulikivunja Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikawa vyuo vitatu: Nairobi, Dar es Salaam, Makerere. Kila nchi ilitaka chake, na ilikuwa haki yake. Ila kwa sayansi za aina hii, ambazo hata tajiri mmoja hawezi kuzilipia peke yake, tulikuwa tunapasua jahazi ili kila mtu apate ubao.

Wenzetu walikuwa wamefanya kinyume. Mwaka 1954, miaka tisa tu baada ya vita vilivyowaua kwa mamilioni, nchi 12 za Ulaya zilianzisha CERN, maabara ya pamoja ya fizikia ya chembe, karibu na Geneva kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Mjerumani na Mfaransa kwenye meza moja. Kila nchi huchanga kwa kadiri ya pato lake, na mashine ni ya wote. Nyinyi akina mama wa upatu mnalielewa jambo hili kuliko mawaziri, tofauti ni kwamba upatu huu haumfikii mtu zamu yake akaondoka na fedha. Zamu yako ni kutumia mashine.

Mashine yao kubwa ya sasa ni pete ya kilomita 27 chini ya ardhi, karibu na safari ya matatu kutoka hapa hadi Watamu. Sumaku zake zimepozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Ndani yake protoni, chembe zilizomo katika kiini cha atomu, zinakimbizwa zikikabiliana, zikizunguka pete nzima zaidi ya mara 11,000 kila sekunde, kisha zinagonganishwa.

Vijana huniuliza: wanavunja ili waone kilichomo ndani? Si hivyo hasa. Ukigonganisha nazi mbili, hata kwa nguvu gani, utapata vipande vya nazi, maji, na pengine kidole kilichoumia. Ukigonganisha protoni mbili kwa kasi ya kutosha, unaweza kupata fenesi. Zima. Halikuwamo ndani ya nazi yoyote. Limetengenezwa na ile nguvu ya mgongano, kwa sababu nishati inaweza kugeuka kuwa uzito. Chembe ya Higgs iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012 ina uzito wa takribani protoni 133. Hilo ndilo fenesi lenyewe. Na halikai: huoza kabla hujapepesa jicho, unabaki kukisia kwa kokwa zilizotawanyika. Zile setilaiti za Ngomeni zilitafuta matukio ya nishati kubwa yanayofanywa na maumbile yenyewe. Hawa wa Geneva wanayafanya kwa mikono. Ni elimu moja yenye milango miwili.

Hapo mzazi mmoja atauliza, na nimekwisha kuulizwa na mama mmoja kule Marafa: "Mwalimu, mwanangu anasomea chini ya mkungu. Hilo fenesi lako litamfaa nini?"

Swali zuri. Jibu ambalo wengi hulikimbilia ni la mtandao. Ni kweli, wavuti ule mnaofungulia matokeo ya mitihani ulibuniwa CERN mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, ili watafiti waliotawanyika wasome kazi za wenzao, na mwaka 1993 CERN ikautoa bure kwa kila mtu. Ni jambo kubwa. Lakini mimi silipendi sana jibu hili, kwa sababu linatufanya sisi wapokeaji wa masazo ya karamu. Jibu langu linapitia hospitali.

Shangazi yangu aliugua saratani. Alipelekwa mbali kupata tiba ya mionzi, hospitali siitaji. Akapigwa mionzi siku nne, siku ya tano mashine ikazima. Kipuri kilikuwa ng'ambo, na aliyejua kukifunga alikuwa ng'ambo pia. Shangazi alikaa kwa jamaa siku kumi na tisa, akishona kofia ili asiwe mzigo, na kila asubuhi mtu alipiga simu kuuliza, akaambiwa bado. Tiba ya mionzi haitaki kukatika, ukiikata uvimbe unapata nafasi ya kujijenga upya. Alimaliza tiba, akarudi nyumbani, akaishi miaka sita mingine. Kofia zile tunazo.

Basi mashine ile ni nini? Inaitwa LINAC, na ni ndugu mdogo wa ile pete ya Geneva. Ndani yake elektroni zinasukumwa kwa mawimbi ya redio katika bomba la shaba, zinafika karibu na kasi ya mwanga, zinagonga kipande cha madini ya tangsteni, zinatoka eksirei kali zinazoelekezwa kwenye uvimbe. Duniani kuna zaidi ya mashine 30,000 za kuongeza kasi ya chembe, na sehemu kubwa kabisa haziko kwenye maabara za utafiti. Ziko hospitalini na viwandani. Kila moja ina asili yake kwa mtu aliyekuwa akitafuta jambo lisilomfaa mtu yeyote.

Kuna mashine nyingine ya tiba, ya zamani, ya kobalti. Hiyo haina fujo, haihitaji umeme mwingi. Ila kobalti-60 hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, muda wa tiba unarefuka, na chanzo chake lazima kibadilishwe na kilindwe. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda, ya kobalti, iliharibika kabisa. Nchi nzima ikakaa bila, ikabidi itafutiwe nafasi Nairobi. Hapo ndipo neno "eneo" linapata maana yake. Saratani ya Kampala ilitegemea mashine ya Nairobi, na kesho inaweza kuwa kinyume. Dar es Salaam, pale Ocean Road, LINAC zilianza kazi mwaka 2018. Ni hatua kubwa, maana nchi zaidi ya 20 za Afrika hazina tiba ya mionzi hata kidogo.

Lakini LINAC ni mtoto wa kudeka. Inataka umeme usiokatika, maji ya kupozea, hewa kavu, na inataka mtu. Fundi wa kuijua, mwanafizikia wa tiba wa kupima dozi, mtu ambaye kengele ikilia saa nane usiku hapigi simu Ulaya. CERN na wenzake wana mradi uitwao STELLA, wa kubuni LINAC itakayovumilia mazingira yetu, na walianza kwa kuwauliza wenye hospitali za Afrika: zenu zinaharibika wapi, na kwa nini? Niliposoma hivyo nikasema, hatimaye kuna mgeni aliyemuuliza mwenyeji swali. Sasa mwenyeji awe na la kujibu. Na wa kujibu hapatikani sokoni. Anafundishwa sumaku, utupu, mawimbi ya redio na takwimu, somo lilelile analofundishwa mtafuta chembe, mara nyingi darasa lilelile.

Tunao mfano karibu wa ushirika wa namna hii, na mwingine wa mbali kidogo ambao ninaupenda zaidi.

Wa mbali uko Jordan, mahali panapoitwa Allan. Watu wa chembe walikuwa na kero ya miaka mingi: elektroni ukizizungusha hupoteza nishati kwa kutoa mwanga. Kwao ilikuwa hasara, kama mtungi unaovuja. Wengine wakaweka ndoo chini ya mtungi, wakakuta mwanga ule ni eksirei nzuri mno, inaonyesha umbo la protini ya kimelea, madini ndani ya mbegu, wino wa hati ya kale. Ujerumani ilipostaafisha mashine yake ya Berlin, badala ya kuitupa ikaitoa, na ndiyo ikawa mbegu ya kituo kiitwacho SESAME, kilichofunguliwa mwaka 2017. Jina hilo ni ufuta, simsim, ule wa juu ya mkate. Wanachama wake? Wamo Jordan, Misri, Uturuki, Cyprus, Pakistan, Iran, Israeli, Palestina. Msicheke. Watu ambao serikali zao hazisalimiani wanapangiana zamu kwenye mashine moja, na umeme wake wanautoa kwenye jua.

Wale wameweza. Sisi tunaosalimiana mpaka tunachelewa kazini, Afrika yetu ndilo bara pekee linalokaliwa na watu lisilo na mashine ya aina hiyo. Wapo Waafrika wanaoipigania, na miaka inakwenda.

Mfano wa karibu ni Kigali. Nyuma yake kuna mtu aitwaye Abdus Salam, Mpakistani, aliyesoma Cambridge akarudi Lahore mwaka 1951 kufundisha. Alikuta hana mtu wa kujadiliana naye fizikia, na chuo kikamtaka asimamie timu ya mpira. Walimu wenzangu, naona mnavyotazamana. Alivumilia miaka mitatu, akaondoka, na mwaka 1964 akaanzisha kituo huko Trieste, Italia, ili mwanafizikia wa nchi maskini apate pa kuja kunoa ubongo bila kulazimika kuhama kwao. Mwaka 1979 akapata Nobel. Kituo hicho sasa kina tawi la Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Rwanda tangu 2018, na mwanafunzi kutoka Malindi anaweza kusomea shahada ya uzamili na ya uzamivu pale, fizikia ya chembe ikiwamo, kwa safari ya basi. Ndefu, mgongo utalalamika, lakini ni basi. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Kigali ilipokea Shule ya Fizikia ya Afrika, ile inayohama nchi kila baada ya miaka miwili tangu ilipoanzia Stellenbosch mwaka 2010. Humo wanafundisha chembe, mashine zake, kompyuta, na fizikia ya tiba, bila kutenganisha.

Namibia nao hawakungoja. Tangu 2002 kwenye nyanda zao za juu kuna darubini za H.E.S.S., zinazotazama miali ya gama kwa kukamata mwako wa samawati inaouacha hewani. Wajerumani na Wafaransa ndio wenye fungu kubwa, kama Waitaliano hapa. Tofauti ni hii: Chuo Kikuu cha Namibia kimo ndani ya ushirika, na majina ya kwao yamo kwenye makala. Hilo ndilo ninaloliombea eneo letu. Mgeni anapokuja kupanda chombo kwenye ardhi au bahari yetu, kodi ya kiwanja iwe na viti: viti viwili vya wanafunzi wetu wa uzamivu, kimoja cha fundi, na haki ya kuzisoma data tangu siku ya kwanza. Fedha ya kodi huliwa ikaisha. Mtu aliyesoma hufundisha wengine.

Na mama wa Marafa, sijamsahau. Mkungu haufai kuwa darasa, hilo halina mjadala, na siombi fedha ya darasa ikanunue pete ya kilomita 27. Ninachoomba ni kidogo. Tangu 2014 CERN imeweka wazi sehemu ya data zake, bure, na maabara ya kompyuta ya shule yenye mtandao inatosha kuzifungua. Kijana wa kidato cha nne anaweza kuchora grafu na kukiona kichuguu cha chembe kikijitokeza mahali pake. Nimelifanya na kundi la watoto kumi na mmoja. Wawili walilala, watano walifurahi, wanne hawakutaka kwenda nyumbani.

Jingine ni hiki kisanduku. Kioo cha samaki wa mapambo, kitambaa cha sponji kilicholoweshwa spiriti, bati lililopakwa rangi nyeusi, na hii barafu kavu. Barafu ya kupozea samaki haitoshi, nimejaribu, unapata harufu tu. Mvuke wa spiriti unashuka, unakuta bati la baridi kali, unakaa tayari kuwa ukungu lakini hauna pa kuanzia. Chembe ikipita, inaacha njia, na ukungu unajishika kwenye njia hiyo. Mistari mifupi minene ni chembe za alfa, kutoka kwenye gesi ya radoni iliyomo hewani. Ile inayopindapinda ni elektroni. Mirefu iliyonyooka kama uzi wa fundi mwashi ni miuoni, jamaa wazito wa elektroni, zilizozaliwa kilomita nyingi juu yetu baada ya chembe kutoka mbali angani kuugonga mwanzo wa hewa. Kwenye kiganja chako inapita moja hivi kila sekunde, mchana na usiku, ukivua au ukilala, na haimuulizi mtu kiwango cha karo.

Nimegusa chini ya bati, bado kuna baridi, tuna robo saa pengine. Wazee waje kwanza, wafuate wadogo, warefu wakae nyuma. Mwalimu, tochi tafadhali, uiweke ubavuni, isimulike kutoka juu. Na kijana aliye karibu na swichi, zima taa.